Katuni za zamani katika hewa ya pwani ya kusini: dalili, vyanzo vyake na bei inayostahili

Mtu anayekusanya majarida ya katuni ya zamani akiwa Mtwara au Lindi hukabiliana na mambo mawili ambayo miongozo mingi ya fani hii, iliyoandikwa kwa wasomaji wa nchi za baridi, haiyagusi kwa uzito unaostahili: hewa yenye unyevu na chumvi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na soko lisilo na kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Anapoona doa, mpasuko au bei asiyoielewa, hamu yake ya kwanza huwa ni kufanya jambo fulani papo hapo, ama kufuta, ama kubandika, ama kuanika, ama kushusha bei. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba haraka hiyo hupunguza thamani ya katuni kuliko mvua yenyewe, na kwamba kazi ya kwanza ni kutambua chanzo, kwa sababu dalili mbili zinazofanana machoni zinaweza kuhitaji hatua zinazopingana kabisa.

Makasha ya huku huwa na mchanganyiko. Kuna majarida ya Kiswahili, Sani na Kingo yakiwa mbele. Kuna African Film, lile jarida la hadithi za picha lenye mpelelezi Lance Spearman, lililosomwa sana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuna Joe la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Na mara mojamoja kuna katuni za Uingereza na Marekani. Hizo za mwisho zisimshangaze mtu katika mji ambao bandari yake ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ule uliopeleka reli hadi Nachingwea. Kila aina kati ya hizi ina karatasi yake, na kila karatasi ina maradhi yake.

Ukaguzi wenyewe ufanyike mezani, mchana, karibu na dirisha lakini si juani, feni ikiwa imezimwa. Mikono iwe imenawiwa na kukaushwa vizuri, bila mafuta wala losheni. Jarida lilazwe bapa na lifunguliwe kwa pembe ndogo tu, kisha jalada litazamwe mwanga ukiligusa kutoka ubavuni, maana mikunjo na vipele visivyoonekana kwa mwanga wa juu hujitokeza kwa mwanga wa upande. Kurasa zihesabiwe kabla ya jambo jingine lolote.

Dalili ya kwanza: madoa ya kahawia, unga wa kijivu au wa kijani

Hii ndiyo dalili inayoleta maswali mengi kuliko zote katika ukanda huu, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote, kwa kuwa watu huita kila doa "ukungu". Kwa kweli kuna vyanzo visivyopungua vitano, na pua na mwanga wa ubavuni hutosha kuvitenganisha kwa kiasi kikubwa.

Ukungu hai una kimo. Hukaa juu ya karatasi kama manyoya mafupi, huchafua kidole ukiguswa, na jarida hutoa harufu nzito ya chumba kilichofungwa. Ukungu uliolala huonekana kama unga mkavu, na harufu yake ni hafifu. Madoa madogo ya rangi ya kutu yaliyotawanyika ndani ya karatasi, yasiyo na kimo wala harufu kali, ni ya uzee wa karatasi ukichanganyika na unyevu wa muda mrefu, na hayo hayaambukizi jarida la jirani. Doa la kahawia lililozunguka pini ni kutu, ambayo itazungumziwa peke yake hapa chini. Mstari wa kahawia uliopinda kama alama ya maji kupwa ufukweni ni alama ya maji yaliyoingia na kukauka. Kuna pia vidoa vyeusi vilivyoinuka kidogo, vingi karibu na mgongo na pembe za juu, ambavyo ni kinyesi cha mende.

Ukungu hai huhitaji kitu kimoja ili ukue, nacho ni unyevu wa hewa unaobaki juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa muda. Mvua zetu za kusini, zinazoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, huvuka kiwango hicho bila taabu, na nyumba za Mikindani au Shangani zilizo karibu na maji hubaki na unyevu hata pepo za kusi zinapovuma. Jarida lenye ukungu hai litengwe mara moja na mengine, lihifadhiwe kwa muda katika bahasha ya karatasi badala ya plastiki, na liwekwe katika chumba kikavu chenye hewa inayotembea, feni ikielekezwa ukutani na si kwenye kurasa. Liachwe hadi manyoya yale yawe unga. Baada ya hapo, nje ya nyumba, mtu akiwa amefunika pua na mdomo, unga huo hupanguswa kwa brashi laini kavu kuelekea upande usio na watu. Kitambaa kibichi husukuma ukungu ndani ya nyuzi za karatasi, na jiki hula wino na karatasi kwa pamoja. Kuanika juani huua sehemu ya ukungu na rangi yote. Yule anayeanika majarida juu ya mkeka kama anavyoanika mihogo atapata karatasi kavu, jalada lililopauka na mgongo uliokunjamana.

Madoa ya uzee na alama za maji hayana tiba ya nyumbani. Yaandikwe katika maelezo ya jarida na yaachwe.

Chanzo chenyewe huondolewa kwa kubadili mahali pa kuhifadhia. Kipimaunyevu kidogo cha mezani ni kifaa cha kwanza ambacho ningemshauri mkusanyaji wa Mtwara akinunue, kabla hata ya mifuko ya plastiki, kwa sababu bila namba mtu hubaki akikisia. Kiwango kinachopendekezwa kwa karatasi ni takriban asilimia 35 hadi 50, na hapa kwetu hakifikiki chumba kizima bila mashine, lakini hufikika ndani ya sanduku la plastiki gumu lenye kifuniko kinachobana, likiwa na vijifuko vya silika kama vile vinavyopatikana katika maboksi ya viatu, ila kwa wingi zaidi. Silika hushiba, ile ya rangi ya chungwa hugeuka kijani au kupoteza rangi, ile ya buluu hugeuka waridi, na hapo hukaushwa katika oveni ya joto la nyuzi 120 kwa saa kadhaa kisha kurudishwa. Mchele, unaopendekezwa na wengi, haufai kabisa: hunyonya kidogo, huacha vumbi la wanga na huwakaribisha wadudu. Lipo jambo jingine la kuzingatia zaidi ya hayo yote: majarida yakifungiwa humo yakiwa bado na unyevu, sanduku hilo hugeuka chungu cha kuvumbikia ndizi, na yatakayotoka baada ya mwezi yatakuwa mabovu kuliko yalivyoingia. Yakaushwe kwanza chumbani kwa siku kadhaa, ikiwezekana katika miezi ya kiangazi, ndipo yafungiwe.

Dalili ya pili: kurasa za manjano zinazokatika pembeni

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Lignini ikikutana na hewa na mwanga hugeuka manjano, na karatasi hujitengenezea tindikali inayokata nyuzi zake yenyewe. Joto huharakisha mwendo huo, kwa hiyo dari iliyo chini ya bati tupu ni mahali pabaya kuliko pote, ingawa ndipo makasha mengi hupelekwa.

Tazama namna manjano ilivyokaa. Ikiwa ukurasa wote una rangi moja, chanzo ni karatasi yenyewe na hakuna wa kulaumiwa. Ikiwa kingo ni za kahawia na katikati ni peupe, hewa chafu na mwanga viliingia kutoka nje, yaani jarida lilikaa wazi. Ikiwa jalada la nyuma lina kivuli cha umbo la kitu fulani, basi kitu hicho kililala juu yake kwa miaka, na mara nyingi ni katoni ya kawaida au gazeti la kufungia, ambavyo vyote hutoa tindikali na kuihamishia kwa jirani.

Wilaya zetu zina chanzo kingine ambacho sijakiona kikitajwa kwingineko. Unga wa salfa unaopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga huhifadhiwa majumbani kwa mifuko, aghalabu katika stoo ileile yenye vitabu, na unga huo ukikaa katika unyevu hugeuka polepole kuwa tindikali. Stoo ya salfa na stoo ya karatasi zitenganishwe. Gunia la korosho nalo lisitumiwe kufunikia majarida, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho huacha doa jeusi lisilotoka.

Kipimo cha kukunja pembe ya ukurasa ili kuona kama itakatika hutajwa sana, na ni kipimo kibaya, kwani kikitoa jibu huwa kimekwisha kuharibu. Inatosha kusikiliza: ukurasa wenye afya hugeuka kwa sauti laini, ule uliokauka hutoa sauti ya kukwaruza na kudondosha vipande vidogo mezani. Katika soko la Marekani hali ya kurasa hutajwa kwa ngazi zinazoanzia nyeupe, kisha nyeupe iliyofifia, kisha rangi ya malai, kisha hudhurungi, na mwisho karatasi kavu inayovunjika. Ngazi hiyo ya mwisho hushusha bei kwa kiasi kikubwa hata jalada likiwa zuri. Manjano hairudi nyuma. Kinachowezekana ni kuisimamisha, kwa giza, kwa hali ya ubaridi na kwa kadi ngumu isiyo na tindikali iliyotiwa kalsiamu kaboneti, inayowekwa nyuma ya jarida ndani ya mfuko.

Dalili ya tatu: pini zenye kutu

Pini za stepla za majarida mengi ni chuma cha kawaida, na hewa ya chumvi huzila upesi. Kutu ya juu tu, isiyogusa karatasi, ni kasoro ndogo. Kutu iliyohamia kwenye karatasi na kuacha duara la kahawia ni kasoro kubwa zaidi, na ile iliyotoboa karatasi hadi jalada likachomoka ni kubwa mno.

Pini zisibadilishwe. Mnunuzi mwenye uzoefu huangalia kama matundu ya jalada yanalingana na matundu ya kurasa za ndani, na pini mpya zinazong'aa katika jarida la miaka hamsini humwambia kwamba jarida limefunguliwa, na huenda jalada na kurasa zimetoka katika nakala mbili tofauti. Pini yenye kutu hupoteza thamani kidogo. Shaka hupoteza zaidi.

Dalili ya nne: karatasi iliyoliwa

Mchwa huacha udongo, na hula kwa kutoboa kutoka chini kwenda juu bila kujali maandishi. Akiwapo, tatizo ni la nyumba na si la katuni, na kasha liondolewe sakafuni na ukutani siku hiyohiyo. Mende hula kingo na gundi na kuacha vidoa. Yule mdudu mdogo bapa wa rangi ya fedha, asiye na mabawa na mwenye mikia mitatu, hukwangua uso wa jalada akitafuta wanga na gundi, hivyo rangi hutoweka kwa mabaka huku karatasi ikiwa bado ipo. Wadudu weupe wadogo sana wanaokimbia kati ya kurasa, wasiozidi ukubwa wa chembe ya mchanga, hula ukungu. Kuwaona ni taarifa ya unyevu, na kuwapulizia dawa bila kukausha hewa ni kazi bure.

Dawa ya kupuliza isiguse karatasi kamwe, na vidonge vya naftalini huacha harufu ambayo mnunuzi ataikuta miaka mingi baadaye. Njia iliyo salama ni friza. Jarida lililo kavu hufungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyobanwa vizuri na kuondolewa hewa, hukaa katika nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili bila kukatizwa, kisha huachwa nje kwa siku nzima bila kufunguliwa hadi lipate joto la chumba, maana likifunguliwa mapema umande utaganda kwenye karatasi yenyewe. Friza ya samaki inafaa ikiwa tu mifuko haina tundu hata moja.

Dalili ya tano: jarida limelowa

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliwakumbusha watu wa ukanda huu kwamba paa la bati si dhamana. Jarida likilowa, saa 48 za mwanzo ndizo zenye uamuzi, kwa kuwa baada ya hapo ukungu huanza. Nakala chache za karatasi ya gazeti husimamishwa zikiwa zimefunguka kidogo, kukiwa na karatasi nyeupe za kunyonya maji kati ya kurasa, zikibadilishwa kila baada ya saa chache. Nakala nyingi zigandishwe kwanza, kila moja katika mfuko wake, ili zikaushwe kwa zamu.

Majalada ya karatasi laini inayong'aa ni kesi nyingine. Hayo yakikauka yakiwa yamegusana hushikana moja kwa moja, na mtu akivuta huondoka na rangi ya jarida jingine. Yatenganishwe yakiwa bado mabichi, au yagandishwe. Hakuna njia ya tatu.

Jarida lililopinda baada ya kukauka liwekwe kati ya mbao mbili safi chini ya uzito wa wastani kwa wiki kadhaa. Pasi haifai. Na ikiwa jalada limeng'ang'ania mfuko wake wa plastiki, mfuko huo huenda ni wa PVC, plastiki laini yenye harufu kali ambayo kwa joto hutoa tindikali na mafuta. Mifuko ya polipropilini hutosha kwa matumizi ya kawaida ikibadilishwa kila baada ya miaka michache, na ile ya Mylar, yaani plastiki angavu ya poliesta, ambayo ni ghali, iwekewe nakala zinazostahili gharama hiyo.

Dalili ya sita: selotepu, gundi na rangi ya kalamu

Selotepu ya zamani hugeuka kahawia, hukauka na kuacha gundi inayopenya hadi ukurasa wa pili. Ikiwa bado imeshika, iachwe. Ikiwa imeachia yenyewe, iondolewe bila kukwangua kilichobaki. Mpasuko mpya usibandikwe kabisa, kwa sababu mpasuko uliowazi huhesabiwa kama mpasuko, na uliobandikwa huhesabiwa kama mpasuko pamoja na selotepu.

Kubwa zaidi ya hapo ni rangi. Wapo wanaoziba mikwaruzo ya mgongo kwa kalamu ya wino mweusi, na kwa mbali jalada hupendeza. Kampuni ya CGC ya Marekani, iliyoanza mwaka 2000 kupanga katuni madaraja kwa namba kulingana na hali yake, huweka lebo ya zambarau kwa nakala iliyofanyiwa ukarabati wa namna hiyo badala ya ile ya buluu ya kawaida, na tofauti ya bei kati ya lebo hizo mbili, kwa katuni ileile na kwa namba ileile, huweza kuwa kubwa ajabu. Kalamu ya shilingi mia chache hufanya hasara ambayo kutu ya miaka ishirini isingeifanya.

Dalili ya saba: daraja lako na daraja la mnunuzi havikutani

Kipimo kinachotumika Marekani kinaanzia 0.5 hadi 10.0. Namba 9.4 na zaidi ni za nakala zinazokaribia kuwa mpya kabisa, 8.0 ni nzuri sana, 6.0 ni nzuri, 4.0 ni nakala iliyosomwa na kutunzwa; 2.0 imesomwa sana lakini imekamilika, 1.0 na 0.5 ni chakavu. Wakusanyaji wengi wa hapa hukosea kwa ngazi mbili au tatu kwenda juu, na sababu yake inaeleweka: wanalinganisha nakala yao na nakala nyingine walizoziona hapahapa, ambazo zote zimepita mikono mingi, ilhali kipimo hulinganisha na jarida lililotoka kiwandani asubuhi ile.

Mgongo ndio unaoamua zaidi. Mkunjo uliovunja rangi ukaonyesha weupe wa karatasi ni kasoro tofauti na mkunjo uliopinda tu, na mikunjo mifupi ya mgongoni inayovunja rangi, hata ikiwa michache, huweza kuishusha nakala kutoka kundi la 9. Baada ya mgongo hutazamwa pembe, kisha mng'ao wa jalada, kisha pini, kisha kurasa.

Kasoro inayowaumiza wengi ni ya ukamilifu. Katika miaka ya 1974 hadi 1976 kampuni ya Marvel ilichapisha stempu za kukata kwenye kurasa za barua za wasomaji, na watoto walizikata kama walivyoambiwa. Toleo la 181 la The Incredible Hulk la mwaka 1974, linalotafutwa sana kwa ajili ya mhusika Wolverine, lina stempu hiyo. Jalada laweza kuwa safi kabisa na hadithi ikasomeka yote, lakini tundu dogo kwenye ukurasa wa barua hukata sehemu kubwa ya bei, na CGC huitolea nakala ya aina hiyo lebo ya kijani yenye maelezo au daraja la chini sana. Ndiyo maana kurasa huhesabiwa na kupekuliwa kwanza. Kwa majarida ya Kiswahili kasoro inayolingana na hiyo ni chemsha bongo iliyojazwa kwa kalamu, kuponi ya marafiki wa kalamu iliyokatwa, au ukurasa wa kati uliochomolewa ukabandikwa ukutani kwa kinyozi.

Jina la mwenyewe lililoandikwa jaladani na mhuri wa duka ni kasoro, lakini ningeshauri visifutwe. Kufuta huacha uso uliokwaruzwa, na kwa jarida la kwetu mhuri wa duka la vitabu la Lindi wa zamani unaweza kuwa ndio ushahidi pekee wa njia lililopitia.

Je, Sani la zamani lipelekwe kupangiwa daraja Marekani? Kwa maoni yangu, hapana. Gharama ya safari na ya upangaji itazidi bei ya jarida, na wanunuzi wake, ambao wengi ni watu wa Afrika Mashariki na watafiti wa utamaduni, hawalipi kwa ajili ya namba. Kinachowatosha ni maelezo ya kweli kwa maneno: toleo namba fulani, kurasa zote zipo au hazipo, hali ya jalada, hali ya mgongo, hali ya pini, maandishi na harufu. Na kwa wale walionunua katuni iliyokwisha kufungiwa katika kasha gumu la plastiki la kampuni ya madaraja, ijulikane kwamba kasha hilo si la kuzuia hewa. Unyevu wa Mtwara huingia humo polepole, nalo huhitaji silika kama jarida jingine lolote.

Dalili ya nane: bei haieleweki

Hapa vyanzo ni viwili: jarida halijatambuliwa sawasawa, au bei imelinganishwa na bei isiyo yake.

Utambuzi huanza na maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada, yanayotaja mchapishaji, namba na tarehe, kwa kuwa jalada laweza kuwa la kale huku maandishi hayo yakisema ni chapa ya marudio. Mfano unaojulikana ni Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, ile iliyomtoa Superman kwa mara ya kwanza. Mwaka 1974 kampuni ya DC iliitoa upya kwa umbo kubwa ikiwa na jalada la nje la kadi. Jalada hilo likiondolewa, kinachobaki ndani hufanana na nakala ya asili, na wengi wamedanganyika. Rula hutatua fumbo hilo, kwa sababu chapa ya 1974 ina urefu unaozidi sentimita 33, wakati katuni za 1938 zilikuwa na takriban 26 hadi 27. Nakala ya asili yenye daraja 8.5 iliuzwa kwa dola milioni 6 mnamo Aprili 2024, habari ambayo imewafanya watu wengi wenye katuni yoyote ya Superman waanze kujenga nyumba vichwani.

Bei iliyochapwa jaladani ni shahidi mzuri wa tarehe. Katuni za kawaida za Marekani ziliuzwa senti 10 hadi mwishoni mwa mwaka 1961, kisha senti 12 hadi 1969, kisha senti 15. Zenye mistari ya msimbo wa bei jaladani si za kabla ya 1976. Zilizo na bei ya Uingereza yenye herufi "d" ni za kabla ya Februari 15, 1971, siku ambayo Uingereza ilibadili sarafu yake, na zenye "p" peke yake kwa kawaida ni za baadaye. Katuni za Marvel zenye bei ya peni si chapa ya bandia wala ya marudio. Zilichapwa Marekani pamoja na zile za senti kwa kubadili bei tu, ingawa soko kwa kawaida huzilipa kidogo kuliko za senti. Kwa majarida ya kwetu, anwani inayosema Tanganyika huelekeza kabla ya mwishoni mwa 1964, na bei ya shilingi ikisomwa sambamba na matoleo mengine yenye tarehe husaidia kukisia mwaka wa lile lisilo na tarehe. Vipande vilivyokatwa magazetini, kama Chakubanga wa Christian Gregory kutoka Uhuru au Juha Kalulu wa Edward Gitau kutoka Taifa Leo, viuzwe kwa jina la vipande. Ukurasa mzima wa gazeti wenye tarehe juu yake una thamani kuliko mkato safi usio na tarehe.

Kuhusu bei isiyo yake, kosa ni moja na hujirudia: mtu hutazama mtandaoni bei ambayo muuzaji anaiomba, akaichukua kuwa bei ya soko. Bei ya kuomba haina mwisho wala haina maana. Itafutwe orodha ya mauzo yaliyokamilika, ya toleo lilelile, katika daraja lilelile, ya karibuni. Mwongozo wa bei wa Overstreet, unaotoka tangu 1970, hufaa kwa kulinganisha matoleo na madaraja, si kwa kuamua bei ya leo asubuhi. Kwa majarida ya Kiswahili, ambayo mengi yaliishia kufungia karanga na vitumbua, hakuna orodha ya namna hiyo. Uhaba ni wa kweli lakini wanunuzi ni wachache, na vitu hivyo viwili hupingana. Mfululizo wa matoleo yanayofuatana huuzika vizuri kuliko nakala mojamoja, hasa kwa maktaba na watafiti, hivyo pengo la toleo moja katikati likizibwa kwa nakala chakavu ni bora kuliko kuliacha.

Dalili ya mwisho: mnunuzi analalamika baada ya kupokea

Ikiwa malalamiko ni ya hali ya jarida, chanzo ni picha. Picha nne hutosha: jalada la mbele, la nyuma, mgongo kwa mwanga wa ubavuni, na ukurasa wa kati pini zikionekana, zote bila kichujio cha simu kinachong'arisha rangi.

Ikiwa ni pembe zilizobonyea, chanzo ni ufungaji. Jarida ndani ya mfuko wake libanwe kati ya kadi mbili ngumu zilizolizidi ukubwa kila upande, selotepu ishike kadi na isiguse mfuko, kisha kifurushi kizima kifungwe plastiki kabla ya kupakiwa basi la Dar es Salaam, kwa kuwa buti la basi katika mwezi wa Machi huvuja. Silika kidogo iwekwe ndani, na juu ya kifurushi iandikwe neno "vitabu" badala ya thamani yake.